Kilima Nilichokichora Kando ya Ziwa

Mpendwa kaka Hamadi,

Salamu nitazitoa mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza nijibu: Jumapili iliyopita uliongea na Salumu kwa simu, ndiyo au siyo? Maana mimi, mdogo wako wa tumbo moja, ujumbe wangu kwako una tiki moja wiki ya tatu sasa, na kila ninayemuuliza ananiambia huko uliko hakuna mtandao, ni tundra tupu, nisubiri mpaka urudi kambini. Nikaamini. Nikakuombea dua kila baada ya swala, mjinga mimi. Kumbe mtandao upo, ila unamfikia Salumu aliyeko Jeddah na haunifikii mimi niliyeko Riyadh. Mtandao gani huo unaochagua watu?

Barua hii naiandika wazi kwa makusudi. Isome wewe, aisome na mwingine yeyote anayechora ardhi ambayo hajawahi kuikanyaga. Kesho Jumapili ofisi inafunguliwa na nina jambo la kufanya. Sitaki ulisikie kwa watu. Nataka ulisikie kwangu, na tena kuanzia mwanzo, kwa sababu huo mwanzo tulikuwa wote wawili.

Unamkumbuka baba na penseli zake? Mshika mnyororo wa mpima ardhi, mashamba ya mkonge ya Muheza yote aliyatembea kwa miguu. Kila akinunua penseli mpya, kabla hajaichonga, alikata kile kifutio cha nyuma kwa wembe akakitupa. Sisi tunakililia kwa ajili ya shule, yeye wala hasikii. "Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika juu yake," alikuwa akisema. "Namba ya chini ibaki inasomeka. Anayefuta ana lake jambo." Na ile siku ulipofuta kwa mate na kidole, una miaka kumi na moja, ukidhani hakuoni? Alikurudisha peke yako mstari mzima wa mkonge, jua la saa saba, ukahesabu hatua upya. Nikakuletea maji kwenye kopo. Ulinifokea nisikutazame, ukanywa huku umenipa mgongo. Magoti yako yote yalikuwa yamechanjwa na miiba.

Kwa hiyo usiniambie hukujua. Mwingine anaweza kusema hakufundishwa, sisi hatuwezi.

Kazi yetu ukiwaeleza watu wa nyumbani wanacheka. Nimekaa kwenye joto hili la Riyadh, mchana ukishika kitasa cha gari unaruka, halafu nachora vilima na maziwa ya Aktiki, ambako ardhi chini imeganda mwaka mzima na jua la kiangazi halitui. Kampuni inaletewa picha zilizopigwa kutoka juu, mbili mbili za sehemu moja. Navaa miwani, jicho la kushoto linaona picha hii, la kulia ile, na ardhi inainuka mbele yangu kama donge la unga. Nafuata miinuko nachora kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Wewe ulikuwa unakwenda huko kwa miguu yako, unasimama mahali, unapima kimo, unaandika daftarini. Kila mahali ulipopima ni alama yenye namba yake. Alama nyingine nilipewa nichoree. Nyingine sikupewa kabisa. Hizo zinafungwa kwenye bahasha, anakabidhiwa Mhandisi Idrisi, mkaguzi wetu Msudani, na ramani yangu ikiisha ndipo anaifungua alinganishe. Niliponuna kwamba hawaniamini, ulinicheka. "Wakiacha kukushuku ndio ujue hawaijali kazi yako," ulisema.

Kiangazi kile cha kwanza nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Karatasi ile ya ramani, yenye maziwa mengi kuliko nchi kavu, ndiyo ingeamua kama napewa ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi hapa, au narudishwa Tanga na begi langu. Ulikuwa unanitumia sauti kutoka huko, upepo unavuma mpaka sikusikii. "We mtoto, mbu wa huku wamewashinda wa Muheza! Na ukikanyaga, nchi inacheza chini ya mguu, godoro tupu." Nilikuwa nazisikiliza ofisini huku nimejifunga mtandio mabegani, kwa sababu kiyoyozi cha pale nacho ni Aktiki nyingine. Nilizihifadhi zote. Jana nimezisikiliza tena, zote, na safari hii nilikuwa natafuta kitu.

Sheria ya kazi inasema siku unayoshuka kwenye ndege, bahasha inakwenda kwa mkaguzi. Wewe ulishukia Jeddah, ukasema una homa, ukakaa wiki mbili nzima Ruwais kwenye kile chumba chenu wewe na Salumu. Homa gani ile, kaka? Sikukusikia ukikohoa hata mara moja. Nilichosikia ni hiki: "Nitumie nione ulivyochora."

Nami nikatuma. Hapa sijitetei, na kesho sitajitetea. Nilijua hairuhusiwi aliyepima kuiona ramani kabla hajakabidhi bahasha. Lakini ni wewe. Tangu utoto, nikichora hata kuku, nakuletea wewe kwanza uone. Nilipiga picha skrini yangu vipande vipande, nikakutumia, nikakaa nasubiri sifa. Ulijibu baada ya siku nzima: "Safi. Umetulia." Nikafurahi mpaka nikashindwa kula.

Bahasha ikafika, ikafunguliwa. Alama ishirini, zote zimekaa sawa na ramani yangu. Mhandisi Idrisi, mtu ambaye hata chai hajawahi kuisifia, alivua miwani akaniambia, "Mashallah, binti, wewe una jicho." Ikama ikatoka. Nikaja Jeddah kukushukuru, ukanikaangia samaki, ukaondoa miiba kwa mkono wako ukanitilia sahanini kama vile nina miaka minne. Nikakuuliza, hivi kweli hata moja haikupishana? Hukunitazama. "Umefaulu. Basi, halas, usiulizeulize." Nikadhani ni unyenyekevu. Loo, mimi!

Mwaka uliofuata ukahama kampuni. Hukuniaga vizuri, ukasema wamekupa eneo lingine la tundra, kaskazini zaidi. Nikanuna, nikapoa. Kiangazi hiki kampuni yetu ikamtuma mpima mpya, Wafula, Mkenya wa Bungoma, mpole, anapenda kunywa chai na mkate kuliko wali. Kazi yake ilikuwa kurudi kwenye karatasi ileile ya maziwa na kuhakiki alama chache. Akarudi, akakabidhi bahasha siku hiyohiyo na vumbi lake la safari. Alama yako namba kumi na saba, ukingoni mwa lile ziwa refu, wewe uliandika mita hamsini nukta mbili. Yeye kaandika arobaini na moja nukta tatu. Karibu mita tisa, kaka. Hiyo ni ghorofa tatu.

Jumatano tukakalishwa. Mhandisi Idrisi akasema kipimo cha zamani ndicho cha kweli, kwa sababu kinalingana na ramani. Mpima mpya atakuwa alisimama pengine, au hakutoka hemani kabisa. Wafula akasimama. "Mimi nilisimama hapo, Mhandisi. Hapo hakuna kitu inaitwa mlima. Ni maji. Maji iliingia kwa buti zangu mpaka kwa soksi." Akanigeukia mimi. "Mwanaidi, wewe ndiye ulichora. Waambie."

Unajua nilisema nini? Kwa ile sauti yangu tamu unayoijua, nilisema, "Kule mahali pote panafanana. Mtu anaweza kuchanganya." Nilimshuku yeye. Nilimtazama usoni nikamwona mvivu aliyejificha kwenye hema akabuni namba. Kukushuku wewe? Hilo hata halikunipitia. Akapewa mpaka Jumapili alete maelezo, la sivyo mkataba mafi, hakuna tena, aende kwao. Alitoka bila kuniangalia.

Alhamisi asubuhi sikuwa na raha. Kuna kitu kilinikereketa, na nikakijua ni nini: namba zako. Vipimo vya kweli vina uchafu kidogo, kaka. Hiki kinazidi sentimita ishirini, kile kinapungua thelathini, maana mguu umezama, upepo umepiga, jicho langu limechoka. Zako zilikaa sawasawa na zangu mpaka kwenye nukta. Ishirini zote. Mwaka ule niliona fahari. Alhamisi nikaona aibu inanipanda shingoni.

Nikafungua picha zile mbili za ziwa. Nikazitazama moja moja, bila miwani. Na pale kwenye kilima changu, kile nilichokichora kwa mapenzi, chenye kontua nzuri za mviringo, palikuwa na kipande cha barafu. Barafu inayoelea! Kwenye picha ya kwanza iko hapa, kwenye ya pili imesogezwa na upepo. Kitu kikisogea baina ya picha mbili, miwani inakudanganya, unakiona kimeinuka. Kosa la mwanafunzi. Nilichora kilima juu ya maji, na wewe uliyesimama pale kwa miguu yako ukaandika kwamba kipo.

Halafu nikaona ule mstari mwekundu. Kuna magari mazito yatakayopeleka mafuta na chakula kambini msimu wa baridi ukianza, na njia yao imechorwa juu ya ramani yangu. Imekwepa ziwa lote vizuri, ikapita juu ya kilima. Ziwani huwa wanashuka wanatoboa, wanapima unene wa barafu kabla gari halijapita. Kwenye kilima nani atapima? Nilikaa pale mikono iko mapajani mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama naumwa.

Ijumaa nikapanda ndege ya kwanza kwenda Jeddah. Salumu alinifungulia mlango na kikoi chake, akanisalimu mara tatu, na mtu anayekusalimu mara tatu ana neno anazunguka nalo. Nikamwambia nataka daftari lako la kiangazi kile.

"Daftari gani, dada?"

"Salumu, usinichoshe."

Akakuna kichwa. "Aliniambia juzi Jumapili, lile sanduku la chini ya kitanda lisitupwe. Vingine vyote nitupe, hilo nisitupe." Ndipo akaziba mdomo, Mpemba wa watu, kashajua kateleza. Simu yako imeniumiza kuliko daftari lenyewe. Kwa hiyo ulikuwa umeshasikia kwa wapima wenzako kwamba Wafula amekwenda pale. Ulikuwa unajua yatafumka, ukazima masikio.

Nilivuta sanduku, nikalifungua daftari palepale sakafuni, jalada linanuka dawa yako ya mbu. Alama namba kumi na saba: arobaini na moja nukta tatu, imekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake hamsini nukta mbili. Mwandiko wako, penseli yako. Nikageuza kurasa. Zilizokatwa nzima zilikuwa sita, kaka, nilidhani ni moja. Nyingine umerekebisha mita moja, nyingine mbili, na kwenye zile kumi na nne zilizobaki umekata tarakimu ya baada ya nukta tu, ukaandika nyingine juu yake, zipendeze. Kila mahali nilipokosea, ulibomoa dunia ukaijenga ifanane na kosa langu.

Nililia, sitakuficha. Kwanza nililia kwa ajili yangu, kwa sababu miaka hii yote nimetembea na lile neno la Mhandisi, "una jicho," kumbe sikuwa nalo. Ningeshindwa, ningerudi Tanga, ningejifunza tena, ningekuja tena. Hukunipa hata nafasi ya kushindwa. Halafu nikakukasirikia mpaka Salumu akatoka nje, akajifanya anakwenda kununua mikate.

Sasa nimerudi Riyadh, chumbani kwangu Shumaisi, ni Jumamosi mchana, majirani wanapika bamia, na nina shaka ambazo haziniachi. Ulikuwa na daftari, ulikuwa na penseli, ulikuwa na wiki mbili. Kifutio kinauzwa kila duka Jeddah. Kwa nini hukufuta? Ni mkono tu umezoea ya baba, au ulitaka siku moja niione? Na kuna shaka nyingine mbaya, inanijia nikiosha vyombo: labda uliliweka ili ukinaswa useme, tazameni, mimi nilipima vizuri, ni dada ndiye aliyekosea. Nisamehe kwa kuifikiria hiyo. Au usinisamehe, maana wewe mwenyewe umenifikisha mahali ambapo nakufikiria hivyo.

Nakupenda, kaka, na hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mtu baki ningeshamaliza barua hii zamani. Najua ulifanya kwa kunihurumia. Lakini Wafula naye ana dada yake Bungoma, na yule dereva wa gari la mafuta ana wa kwao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuomba umsaidie mdogo wako.

Kwa hiyo sikiliza nitakalofanya. Kesho saa mbili naingia ofisini na daftari lako mkononi. Nitamwita Wafula kwanza, nimwombe radhi mbele ya walewale waliokuwepo Jumatano, kwa sauti yangu ya kawaida. Kisha nitamwonyesha Mhandisi Idrisi picha mbili za ziwa, aone barafu ilivyosogea. Nitasema mimi nilikutumia ramani, nawe ulibadilisha namba. Yote mawili, kwa mpangilio huo. Nitaomba ule mstari mwekundu usimamishwe siku hiyohiyo, magari hayajatoka. Wakitaka kunifuta kazi, wanifute. Wewe najua watakuandikia huko uliko, na sijui kama kuna kampuni itakayokupa tena mtambo wa kupimia. Nimeliwaza hilo tangu jana, na bado nitakwenda.

Kinachonisumbua ni kimoja. Idrisi ni mtu wa shaka, kama inavyotakiwa. Atalitazama daftari na kusema: namba mbili hizi, nitajuaje ya kweli ni ipi? Labda aliandika ya kwanza kwa kukosea, akairekebisha kwa haki, kama tunavyofanya sote. Mstari mmoja hausemi kwa nini umekatwa. Na kwamba ya chini ni sawa na ya Wafula, atasema daftari limepitia mikononi mwangu. Na ukinyamaza wewe, Wafula anabaki mwongo, na njia inabaki juu ya maji. Ndiyo maana asubuhi nimepiga picha ukurasa ule nikakutumia na swali moja tu: Ya kweli ni ipi? Sikuweka salamu wala lawama. Tiki moja.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo, na maneno makali nilikuwa nimeshayatafuta. Nimekwenda kuinjika chai, nimerudi, nikakuta tiki zimekuwa mbili. Nikakaa kitandani na simu mkononi. Ukaanza kuandika, ukaacha. Ukaandika, ukaacha. Nilikuona hivyohivyo, kaka, umenipa mgongo na kopo la maji mkononi, hutaki nikutazame. Chai imechemka imemwagika kwenye jiko, wala sikuinuka.

Umeandika maneno manne tu. "Ya chini. Usifute kitu."

Basi. Nitawapelekea kama yalivyo. Na salamu zako hizi hapa, nilidhani hazitabaki: uhali gani, kaka? Vaa soksi mbili. Ukirudi Jeddah usijifanye una homa, nitakuja mimi, na samaki safari hii nakaanga mimi.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanaidi